Giza kwenye picha ya rada si lazima liwe maji

Kabla ya ving'amuzi kuingia, nyumba nyingi za Lindi mjini zilikuwa na mti mrefu umesimamishwa ukutani, na juu ya mti huo antena. Jioni mtoto mmoja alitoka nje kuuzungusha polepole, mwingine alikaa dirishani kupeleka taarifa: "Bado chenga! Rudisha kidogo! Hapo hapo, acha!" Mimi nilikuwa wa nje. Nilijua kwa mikono yangu kwamba chenga maana yake ni ishara hafifu, na kwamba ukiipata antena mahali pake, sura ya msomaji wa habari hutokea kama mtu anayetoka kwenye ukungu.

Kwa hiyo siku nilipofungua kwa mara ya kwanza picha ya rada ya setilaiti inayoonyesha ghuba ya Lindi, nikakuta imejaa punje nyeusi na nyeupe kila mahali, hata juu ya mashamba ninayoyafahamu kuwa ni mikorosho mitupu, niliamua palepale kwamba ni chenga zilezile. Ishara ndogo. Wangeongeza nguvu ya mtambo, picha ingetulia.

Haikuwa hivyo, na tangu hapo nimesikia watu wengi wakidhani kama nilivyodhani. Kwenye picha ya rada kuna vitu viwili vinavyoitwa kelele, na havina uhusiano wa karibu. Kimoja ni ndugu wa damu wa chenga za runinga. Kingine kinafanana nazo kwa sura tu. Chanzo chake ni kingine na dawa yake ni nyingine. Asiyevitenganisha atasoma nchi kavu akasema ni mafuriko, au atapita juu ya mafuriko asiyaone. Kwetu sisi tulioona barabara ya kwenda Dar es Salaam ikikatika upande wa Kilwa baada ya kimbunga Hidaya, Mei 2024, ramani ya wapi pana maji na wapi hapana ni jambo la mtu kufikiwa au kutofikiwa na msaada.

Tuanze na mtambo wenyewe. Nitatumia Sentinel-1 ya Shirika la Anga la Ulaya, kwa sababu picha zake hutolewa bure na ndizo mtu wa Mtwara au Lindi mwenye kompyuta na bando anaweza kuzipata leo. Ya kwanza ilirushwa tarehe 3 Aprili 2014. Huzunguka dunia kwa kimo cha kilomita 693, na kwetu hupita karibu na alfajiri au magharibi. Haihitaji jua. Hubeba taa yake yenyewe, ila taa hiyo ni ya mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 5.5 hivi, ambayo hupita katikati ya mawingu kana kwamba hayapo. Wakati wa kimbunga, setilaiti zenye kamera ya kawaida huona sufi nyeupe tu. Rada huona ardhi.

Sasa tazama jinsi kazi yake ilivyo ngumu. Inapotuma mpigo wa mawimbi, nguvu yake ni kama kilowati 4, sawa na pasi nne za umeme zikiwashwa pamoja. Mpigo huo haushuki wima, unaangalia pembeni, kwa hiyo hadi kufika chini husafiri kama kilomita 900, umbali unaozidi sana ule wa barabara kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam. Ukifika umeshatandazwa juu ya eneo kubwa. Kila kipande cha ardhi hupokea chembe tu, hutawanya chembe hiyo pande zote, na sehemu ndogo ya mtawanyo huo hugeuka kurudi juu. Safari nzima ya kwenda na kurudi huchukua sehemu 6 za elfu moja za sekunde.

Mtu mwenye tochi akisogea mbali mara 2 na ukuta, mwanga unaofika ukutani kwa kila eneo hupungua mara 4. Rada hulipa kodi hiyo mara mbili, kwenda na kurudi, kwa hiyo umbali ukiongezeka mara 2, mwangwi wa kitu kimoja hupungua mara 16. Nilikaa na karatasi nikakadiria mwangwi wa mpigo mmoja kutoka kwenye kipande cha shamba cha mita 5 kwa mita 20, mikorosho michache tu. Jibu lilikuwa wati iliyogawanywa mara nyingi kiasi kwamba sifuri zinajaa mstari.

Na hapo ndipo kelele ya kweli inapoingia.

Ndani ya kila waya na kila kifaa cha kielektroniki, elektroni hazitulii. Joto huzitikisa ovyo, na mtikisiko huo hutoa umeme mdogo usio na mpangilio. John B. Johnson aliupima na Harry Nyquist akaeleza hesabu yake, wote wawili wakichapisha mwaka 1928. Hesabu yenyewe ni fupi: kelele huongezeka kwa joto, na huongezeka kwa upana wa masafa unayosikiliza. Rada inayosikiliza upana wa megahezi 50 hupata kelele ya sehemu mbili za trilioni kumi za wati. Ni kidogo mno, lakini ule mwangwi wa mikorosho michache ni mdogo zaidi, mamia ya mara hadi elfu moja hivi kwa makadirio yangu. Yaani mwangwi unafika umeshazikwa.

Watu huuliza kwa nini wasipoze mtambo. Wanaotazama nyota hufanya hivyo, na husaidia kwa sababu darubini yao inaelekea anga lenye baridi kali. Rada yetu inaelekea chini. Ardhi ya Lindi yenyewe ina joto, na kila chenye joto hutoa mawimbi ya redio ya ovyo. Hata ungekuwa na kipokezi kisicho na kelele kabisa, antena ingeendelea kusikia mvumo wa nchi iliyopigwa jua. Hilo lilinishangaza sana nilipolielewa mara ya kwanza: sehemu ya kelele tunayopambana nayo ni joto la udongo tunaotaka kuupiga picha.

Uwiano wa ishara na kelele ni swali moja tu: mwangwi unaotoka ardhini una nguvu mara ngapi ya mvumo huo? Kwa mpigo mmoja na kipande kimoja, uwiano uko chini sana ya 1. Kinachoiokoa picha ni mbinu mbili, na zote mbili mtu wa pwani anazijua kwa njia yake.

Mbinu ya kwanza ni ya mtu anayesimama ufukweni Lindi mjini akitaka kumwita mwenzake ng'ambo ya Kitunda, upepo ukivuma. Hawezi kupiga ukelele mkali kuliko kifua chake, lakini anaweza kupiga mbinja ndefu inayopanda kutoka chini kwenda juu. Wa ng'ambo hasikii vizuri kipande chochote cha mbinja hiyo, ila umbo lake analijua. Sikio linakusanya mpando wote na kuutambua katikati ya upepo. Rada hufanya vivyo hivyo. Mpigo wake hudumu makumi ya sehemu za milioni za sekunde huku masafa yakipanda au kushuka kwa mpangilio unaojulikana, na kompyuta hutafuta umbo hilo kwenye kilichopokelewa. Mpigo wa sehemu 50 za milioni za sekunde, wenye upana wa megahezi 50, ukikunjwa namna hiyo huongeza uwiano mara 2,500. Nguvu ya mtambo haikubadilika hata wati moja.

Mbinu ya pili ni ya kiitikio. Watu mia sokoni wakipiga soga, kila mtu lake, unasikia mvumo tu. Watu haohao wakiitikia ngoma kwa neno moja na kwa wakati mmoja, unawasikia kutoka mtaa wa pili. Setilaiti inapopita, kipande kilekile cha ardhi hupigwa na mamia ya mipigo. Kompyuta hupanga miangwi yake yote ianguke pamoja, wimbi juu ya wimbi. Mwangwi wa ardhi unaitikia, kelele inapiga soga. Ukijumlisha mara 100, kimo cha wimbi la mwangwi huongezeka mara 100 wakati kile cha kelele huongezeka mara 10 tu, na kwa nguvu uwiano unapanda mara 100. Kazi hiyohiyo ya kupanga mipigo ndiyo inayoifanya antena ya mita 12 ione kama antena ndefu mara nyingi kuliko hiyo, wazo ambalo Carl Wiley alilianzisha Marekani mwaka 1951. Faida mbili kwa jasho moja.

Baada ya hapo mikorosho inatokea juu ya mvumo. Kwa kiasi gani? Hapa wataalamu hutumia desibeli, na mtu asiogope neno hilo. Desibeli 10 ni mara 10, desibeli 20 ni mara 100, desibeli 3 ni karibu mara 2, na zikiwa hasi ni kugawanya badala ya kuzidisha. Mrejesho wa ardhi hupimwa hivyo. Mikorosho iliyoshiba majani hurudisha kama desibeli hasi 8. Maji yaliyotulia hurudisha hasi 20 au chini zaidi, kwa sababu uso laini hulipiga wimbi kofi likaenda mbele, kama jiwe bapa linaloruka juu ya maji, na karibu hakuna kinachorudi kwa aliyelitupa.

Waundaji wa Sentinel-1 waliahidi kwamba kelele ya mtambo itakuwa sawa na mrejesho usiozidi desibeli hasi 22. Kiwango hicho huitwa sakafu ya kelele. Mimi nakifananisha na maji ya bahari kwenye mwamba. Maji yakijaa huoni mwamba, na mgeni anaweza kuapa kwamba hakuna. Yakipwa, kina mama wanashuka na vijiti kutafuta pweza, na kila jiwe lina jina. Mwamba haukuhama, maji ndiyo yalishuka. Mtambo wenye sakafu ya hasi 30 ungekuwa kama maji ya bamvua yaliyokupwa mbali, ungeonyesha mengi ambayo kwa sakafu ya hasi 22 yamefunikwa. Mikorosho ya hasi 8 iko juu ya sakafu kwa desibeli 14, yaani mara 25. Hiyo ni ishara safi. Maji matulivu yako kwenye usawa wa sakafu yenyewe au chini yake.

Soma tena sentensi hiyo, kwa sababu makosa mengi huzaliwa hapo. Unapoona maji meusi kwenye picha ya rada, mara nyingi huoni maji. Unaona kelele ya mtambo mahali ambapo hakuna kilichorudi.

Nichukue majaruba mawili ya chumvi. La kwanza mrejesho wake halisi ni desibeli hasi 25, la pili ni hasi 35. Tofauti yao ya kweli ni mara 10. Lakini mtambo hauoni mrejesho peke yake. Unaona mrejesho pamoja na kelele ya hasi 22. Ukijumlisha, la kwanza linasomeka hasi 20.2 na la pili hasi 21.8. Tofauti ya mara 10 imebanwa ikawa mara 1.4. Na katika lile la kwanza, theluthi mbili ya unachosoma ni kelele ya mtambo wala si habari ya Lindi.

Hali huwa mbaya zaidi kwenye picha ya VH. Sentinel-1 hutuma wimbi lililosimama wima na kusikiliza kwa masikio mawili, moja la wima (picha yake huitwa VV) na moja la mlalo (picha yake ndiyo VH). Sikio la mlalo husikia tu mawimbi yaliyopindishwa njiani, na wanaopindisha vizuri ni matawi na majani. Maji hayapindishi karibu chochote. Picha ya VH ya bahari nje ya Lindi, ikipatikana siku ya shwari, ni kama ramani ya mtambo wenyewe: mikanda mitatu mipana iliyolala sambamba, kila mmoja na mng'ao wake, mpaka kati yao umenyooka kama rula. Bahari haina mikanda. Ni njia tatu za kusikiliza ambazo setilaiti hupokezana, na kila njia ina sakafu yake inayopanda na kushuka.

Shirika hutoa jedwali la kelele pamoja na kila picha, na programu za kuchakata zina hatua ya kuitoa. Fanya hatua hiyo kila mara; bila hiyo mpaka wa mikanda unaweza kuonekana kama ufuko. Lakini ujue umefanya nini. Umetoa wastani wa kelele. Kelele yenyewe ni mtikisiko, na mtikisiko haujui wastani wake. Umebaki kwenye kila pikseli kama ulivyokuwa. Ndiyo maana baada ya kutoa kelele, bahari hujaa sifuri na namba chini ya sifuri.

Hadi hapa tumezungumzia chenga za kweli, ndugu wa zile za runinga. Sasa turudi kwenye punje za juu ya mikorosho, mahali ambapo ishara ni mara 25 ya kelele. Kwa uwiano huo picha ingetakiwa iwe tulivu, na bado imejaa punje, shamba moja lina pikseli nyeupe kabisa na jirani yake nyeusi.

Panda boti kutoka Mtwara kwenda Msanga Mkuu siku ambayo boti nyingine inapishana nanyi. Angalia mawimbi ya boti mbili yanapokutana. Mahali kilele cha moja kinapoangukia kilele cha jingine, maji yanainuka ghafla. Mahali kilele kinapoangukia bonde, maji yanalala kana kwamba hakuna boti iliyopita. Boti zote mbili zina nguvu ya kutosha, hakuna hafifu. Ni makutano.

Ndani ya pikseli moja ya rada kuna mamia ya majani, matawi, mabua na mawe, na kila kimoja kinarudisha wimbi lake dogo. Wimbi lina sentimita 5.5 tu, nalo huenda na kurudi, kwa hiyo tawi likiwa karibu au mbali zaidi na setilaiti kwa sentimita 1.4 hivi, wimbi lake linageuka kutoka kilele kuwa bonde. Jumla ya mawimbi hayo ni bahati ya mpangilio. Pikseli moja yanasaidiana, inang'aa. Ya pili yanauana, inakuwa nyeusi. Mikorosho ni ileile. Nitaziita chengachenga, kuzitofautisha na chenga.

Tofauti ina matokeo. Chenga za joto hupungua ukiongeza nguvu ya mtambo. Chengachenga hazipungui hata ungetuma kilowati 400 badala ya 4, kwa sababu zimetengenezwa na ishara yenyewe: ishara ikipanda, nazo zinapanda kwa kiasi kilekile. Katika picha ambayo haijalainishwa, mtawanyiko wa chengachenga unalingana na wastani wenyewe. Hebu fikiri kipimo cha aina hiyo kwenye mzani wa korosho ghalani: gunia la kilo 80 linasomeka mara kilo 20, mara kilo 150. Hakuna mkulima angekubali mnada uendeshwe hivyo, na hakuna anayefaa kuamua lolote kwa pikseli moja ya rada.

Dawa yake ni wastani. Ukichukua pikseli 4 zinazojitegemea, mtawanyiko unapungua nusu. Ukichukua 16, unabaki robo. Picha za kawaida za Sentinel-1 ambazo wengi tunazipakua tayari zimefanyiwa wastani wa mionekano mitano kabla hazijatufikia. Gharama ni undani. Kila unapolainisha unameza vitu vidogo: mtumbwi, kivuko cha kijito, nyumba moja iliyosimama katikati ya maji.

Kuna njia nyingine ya wastani ambayo naipenda kuliko zote: kuchukua pikseli ileile tarehe nyingi tofauti. Picha za mwaka mzima za nyanda za Masasi au uwanda wa Newala zikijumlishwa, chengachenga zinayeyuka na undani unabaki. Mipaka ya mashamba inatokea kama imechorwa kwa wino. Kwa mikorosho, inayokaa pale miaka na miaka, hakuna njia bora. Kwa mafuriko haifai kitu. Maji yaliingia Jumamosi na yanaweza kuwa yameondoka Jumatano. Mei 2024 pacha wa Sentinel-1 alikuwa ameshaharibika tangu Desemba 2021 na mwenzake mpya alirushwa Desemba 2024, kwa hiyo setilaiti moja iliyobaki ilirudi kwenye mstari uleule kila baada ya siku 12. Picha moja tu ndiyo iliyopo, nayo inabidi ilainishwe kwa kumeza vitu vidogo. Ramani ya mafuriko, ambayo ndiyo tunaihitaji kuliko zote, inatupa nafasi finyu kuliko zote.

Na kimbunga kinaongeza lake. Nilisema maji matulivu ni meusi. Upepo ukiyapiga, uso unakuwa na vijiwimbi vya sentimita kadhaa, na vijiwimbi vya ukubwa unaokaribia ule wa wimbi la rada hurudisha mwangwi vizuri sana. Bonde lililofurika, upepo ukiwa bado mkali, linaweza kung'aa kama shamba lililolimwa. Chini ya mikoko ya mdomo wa mto Lukuledi ni kinyume kabisa: wimbi likifika kwenye maji chini ya miti hugonga maji, kisha shina, kisha hurudi moja kwa moja kwa setilaiti, na mahali palipofurika panazidi kung'aa. Wimbi la sentimita 5.5 hukwama sana kwenye majani, kwa hiyo jambo hili huonekana kwa uhakika zaidi kwa mawimbi marefu ya sentimita 24, kama yale ya NISAR, setilaiti ya Marekani na India iliyorushwa Julai 2025. Mwenye kutafuta weusi tu atakosa maji ya kwenye miti na maji ya kwenye upepo, kisha atachora maji mahali ambapo hayapo.

Mahali ambapo hayapo ni wapi? Njia ya ndege ya uwanja wa Mtwara ni mfano rahisi. Lami laini hulipiga wimbi kofi kama maji yanavyofanya, na kwenye picha utaona ukanda mweusi ulionyooka, kama mfereji. Barabara pana, mchanga mkavu ulio tambarare, tope lililokauka bila nyufa, vyote vinakaa karibu na sakafu ya kelele. Kuna pia vivuli nyuma ya miinuko, ambako wimbi halikufika kabisa.

Nitaje na vizuka kwa haraka, maana vimenipotezea usiku mmoja mzima. Meli kubwa ikiwa gatini Mtwara kupakia korosho, chuma chake hurudisha mwangwi mkubwa kiasi kwamba mabaki yake huvuja na kuchorwa upya kilomita kadhaa pembeni, juu ya maji meusi, kama meli hafifu isiyokuwepo. Juu ya nchi kavu hutaiona, imefunikwa na mrejesho wa miti. Juu ya maji hakuna cha kuifunika. Hiyo si kelele ya joto wala chengachenga. Ni ishara ya mahali pengine.

Ramani yangu ya kwanza ya maji ya ukanda wa Lindi niliitengeneza kwa kuweka kizingiti kimoja kwenye picha ya VH: chochote chini ya namba fulani, paka buluu. Ilitoka nzuri machoni. Niliichapisha nikaipeleka kwa mzee mmoja mwenye mashamba ya chumvi, mtu anayeyajua majaruba yake kama mwingine anavyojua vyumba vya nyumba yake. Ilikuwa msimu wa kiangazi. Aliitandaza juu ya gunia, akaishika kwa vidole viwili isipeperuke.

"Mwanangu, hili la tatu na hili la nne umeyajaza maji."

"Ndiyo, mzee. Setilaiti inaonyesha hivyo."

"Tarehe ngapi hiyo?"

Nikamtajia.

"Tarehe hiyo la tatu lilikuwa kavu. Tulishavuna, tukalisawazisha. Lilikuwa laini kama sakafu. Maji yalikuwa hili la nne."

Nilirudi nyumbani nikafungua namba. Kwenye VH majaruba yote mawili yalikuwa kwenye sakafu ya kelele, hayatofautiani hata kidogo. Nilikuwa nimepaka buluu ukimya wa mtambo. Kwenye VV jaruba la nne lilisimama juu kidogo, upepo wa magharibi ulikuwa umelikwaruza uso, na la tatu lilikuwa limezama chini ya sakafu ya kelele. Kizingiti changu kingeweza kusema kavu ni maji na maji ni kavu kwa kujiamini kulekule.

Toka siku hiyo nafanya hivi. Kabla ya kuchora chochote, nachukua jedwali la kelele la picha husika na kupima kila pikseli iko juu ya sakafu kwa desibeli ngapi. Iliyo juu kwa desibeli 3 au zaidi naisoma. Iliyo chini ya hapo siipaki buluu wala kahawia. Naipaka kijivu. Kisha nalinganisha VV na VH, nalinganisha na picha ya siku nyingine, na nakagua kama kuna mteremko unaotupa kivuli. Kazi inakuwa ndefu, na ramani inapoteza ule uzuri wa rangi mbili zilizotenganishwa kwa kisu.

Ramani ya pili nilimpelekea mzee yuleyule. Aliangalia kijivu kilichoenea juu ya karibu nusu ya majaruba yake.

"Na hii rangi ya majivu?"

"Hapo rada haikusikia kitu, mzee. Panaweza kuwa na maji, panaweza kuwa pakavu."

Akaomba kalamu. Alianza na jaruba la kwanza, akaandika herufi M kwenye kijivu, kwenye la pili K, akaendelea hivyo hadi kwenye mikoko.